Maharagwe, Pilipili na Chumvi ya Katwe

Maharagwe yanayopikwa Hamukungu hayakulimwa Hamukungu. Kijiji hiki cha wavuvi na wafugaji kiko ufukoni mwa Ziwa George, wilayani Kasese, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kulima hapo ni shida: ardhi ni finyu, hifadhi imekizunguka kijiji, na kiboko hangoji kukaribishwa shambani. Samaki hutoka ziwani na maziwa zizini, lakini maharagwe, kunde, karanga, vitunguu na pilipili hununuliwa. Hushuka kutoka miteremko ya Ruwenzori, au hutoka sokoni Bwera, ambako mazao ya Wakonzo wa Uganda na ya ndugu zao Wanande wa Kongo hukutana karibu na mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Pamoja na bidhaa husafiri maneno: pilipili huleta vidonda vya tumbo, maharagwe huleta jongo, kitunguu saumu huponya kila kitu, chumvi ikitiwa mapema maharagwe hayaivi. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, mengine hayana hata hiyo. Viungo kwa kawaida husifiwa kupita kazi vinayoifanya, ilhali maharagwe, chakula cha shule, jela na kambi, hunyimwa sifa yake.

Suala la kuiva ndilo la kwanza, kwa kuwa maharagwe mabichi si chakula. Gunia lililokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu wa bondeni hutoa punje sugu, zisizolainika hata zichemke nusu siku. Mpishi hulaumu mbegu, kumbe kosa ni la ghala. Katika joto hilo, kemikali ya punje iitwayo fitati huvunjika na kuachia kalsiamu na magnesiamu ilizokuwa imezishika. Madini hayo huenda kuifunga pektini, gundi inayoshikanisha seli za punje, na pektini iliyofungwa hivyo haiyeyuki kwenye maji moto. Dalili huonekana kabla ya moto kuwashwa. Nambale, aina mojawapo ya maharagwe, ikiwa mpya ina madoa mekundu juu ya ngozi ya rangi ya krimu. Ikizeeka, krimu hiyo hufifia na kuelekea kahawia, na punje zikilowekwa usiku kucha, nyingine huamka asubuhi zikiwa ndogo na ngumu kama zilivyolala.

Mwinuko nao una neno lake. Uso wa Ziwa George uko takriban mita 914 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi joto 97 hivi. Mlimani, kwenye mita 2,000, huchemka kwenye 93. Maji yakishafika hapo hayapandi tena hata kuni ziongezwe, kwa hiyo maharagwe ya gunia moja yatakula moto mwingi zaidi juu mlimani kuliko chini ziwani.

Ndipo inapoingia chumvi. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kasese liko Ziwa Katwe, ziwa la kreta lisilo na mto wa kutolea maji, ambalo watu wamevuna chumvi yake kwa karne nyingi. Maji yake ni makali kiasi kwamba mabomba ya kiwanda kilichojengwa hapo na Wajerumani katika miaka ya 1970 yaliliwa na kutu, na kiwanda kikafa kabla ya kuzalisha chochote cha maana. Ndani yake mna chumvi ya kawaida pamoja na kaboneti na salfeti za sodiamu, ndiyo maana chumvi ghafi ya huko hufanya kazi kama magadi. Sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini na kuifungua. Kaboneti huyafanya maji kuwa ya alkali, na katika alkali pektini huvunjika upesi. Basi usemi kwamba chumvi huzuia maharagwe kuiva umepinduliwa kichwa chini: maharagwe yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi huiva mapema na ngozi zake hazipasuki ovyo. Kinachochelewesha ni asidi. Nyanya, ndimu na ukwaju vitiwe baada ya punje kulainika.

Magadi yana gharama yake, hata hivyo. Alkali huharibu vitamini B1, na ikizidi hubakiza ladha ya sabuni. Tena chumvi ghafi haichukui nafasi ya ile iliyotiwa madini joto, ambayo sheria ya Uganda imeidai tangu miaka ya 1990 ili kuzuia rovu na udumavu wa akili kwa watoto.

Onyo moja kuhusu maharagwe si uzushi hata kidogo. Punje mbichi, hasa za maharagwe mekundu, zina lektini, protini inayojishika kwenye ukuta wa utumbo. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Mchemko wa kweli huimaliza sumu hiyo kwa dakika kumi. Nusu saa ni salama zaidi. Hatari iko kwenye moto wa kuzubaa usiofika nyuzi 80, kwani hapo punje huweza kulainika huku lektini ikiwa hai na kali kuliko mwanzo. Anayetumia jiko kapu, kapu linalotunza joto la chungu, kuokoa mkaa hana budi kuyachemsha maharagwe kwanza kwa nguvu, ndipo ayafunike. Povu linalopanda juu ya chungu, ambalo wengi huliengua kwa hofu, si sumu hiyo. Ni protini na saponini, na likienguliwa au likiachwa hakuna anayedhurika.

Gesi tumboni ina chanzo kinachojulikana. Maharagwe yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikafika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa haidrojeni na kaboni dioksidi. Kuloweka usiku na kumwaga maji huzipunguza. Kuacha punje zichipue huzipunguza zaidi. Wengine hutia tangawizi chunguni ili iue gesi. Tangawizi inaweza kuharakisha chakula kutoka tumboni, lakini sukari zenyewe haizigusi. Mlaji wa kila siku huzoea baada ya wiki kadhaa, na anayelalamika zaidi huwa ni yule anayeyala mara moja kwa mwezi.

Uchachushaji huo huo una faida. Bakteria wanapokula nyuzinyuzi hutoa asidi fupi za mafuta, ikiwemo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Hoja ya nyuzinyuzi ina mizizi Uganda. Daktari Hugh Trowell na mpasuaji Denis Burkitt, wote waliofanya kazi Mulago, Kampala, waligundua kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu mno kwa Waganda waliokula vyakula vya shambani visivyokobolewa. Walichoandika katika miaka ya 1970 kiliubadilisha mtazamo wa dunia juu ya makapi ya chakula. Utafiti wa baadaye ulirekebisha baadhi ya madai yao, lakini kiini chake kimesimama. Wanga wa maharagwe husagika polepole, hivyo sukari ya damu haipandi ghafla. Na uchambuzi wa mwaka 2014 uliojumlisha majaribio 26 ulionyesha kwamba mlo wa wastani wa gramu 130 za jamii ya mikunde kwa siku hushusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 5.

Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini ya gramu 21 hadi 24. Unga wa muhogo hauna zaidi ya gramu mbili hivi, nao ndio unaosongwa kuwa obundu, ugali wa Wakonzo. Obundu pekee humlaza mtoto na tumbo lililojaa na mwili wenye njaa. Maharagwe yana lisini kwa wingi, asidi amino iliyo haba kwenye nafaka, lakini yana upungufu wa methionini. Jambo hili ni zito panapoliwa muhogo, kwa sababu mwili hutumia salfa ya methionini na sisteini kuondoa sumu ya sianidi inayobaki kwenye muhogo usiolowekwa au kukaushwa vizuri. Samaki ana methionini tele. Sahani ya obundu, maharagwe na kipande cha ngege imekamilika kuliko inavyodhaniwa na wanaoiona kuwa chakula cha kimaskini.

Madini ya chuma yanahitaji maelezo marefu kidogo. Maharagwe yanayo kwa wingi, miligramu tano hadi nane kwa gramu 100 za punje kavu, lakini fitati na tanini huyazuia, na mwili hupata sehemu ndogo tu. Kinywaji cha mezani huamua mengi. Chai kavu ikinywewa pamoja na mlo hupunguza sana ufyonzwaji wa chuma; ikingojwa saa moja au mbili, madhara hupungua. Embe, chungwa, pasheni au nyanya huleta vitamini C, inayofanya kinyume. Wanasayansi wa mbegu nao wamelishika tatizo. Huko Huye, Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokula kwa siku 128 maharagwe yaliyozalishwa yawe na chuma kingi walionekana kuongeza akiba ya chuma mwilini kuliko wenzao waliokula ya kawaida. Uganda ilitoa aina zake, za jina la NAROBEAN, mwaka 2016.

Dai la jongo linastahili kuzikwa. Jongo husababishwa na asidi ya uriki kuganda kwenye maungio, na asidi hiyo hutokana na purini. Maharagwe yana purini, kwa hiyo yakashukiwa. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya majini kwa wingi walipata jongo zaidi. Purini za mimea, maharagwe yakiwemo, hazikuongeza hatari. Na bidhaa za maziwa ziliipunguza. Kundi hilo hilo la watafiti lilionyesha kwamba bia huongeza hatari kuliko vileo vingine. Mvuvi anayekula samaki kila siku, akashushia na bia, kisha akayatupia lawama maharagwe, amemkamata asiyehusika. Maziwa ya Wasongora, wafugaji jirani zake, yangemfaa zaidi.

Pilipili nayo imesingiziwa, ingawa kesi yake ina utata. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliwatambua bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori kwenye matumbo ya wagonjwa wa vidonda, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao, pamoja na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ndio chanzo cha vidonda vingi. Anayetupa pilipili huku akimeza diklofenaki ya mgongo kila jioni ameacha mlango wazi akafunga dirisha. Hata hivyo, mgonjwa anayesema pilipili humwunguza hasemi uongo. Kapsaisini, kemikali ya kamulari na pilipili nyingine, hujishika kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho David Julius alikitambua mwaka 1997 na kutunukiwa Nobel mwaka 2021. Ni kipokezi hicho hicho kinachohisi moto wa kweli, kwa hiyo ubongo huambiwa kuna kuungua pasipo na kuungua. Tumbo lenye kidonda huhisi hivyo maradufu: maumivu ni ya kweli, kidonda hakikuletwa na pilipili. Ukali wake umejaa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe, na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ndiyo maana maziwa hutuliza na maji husambaza.

Pilipili pia hutajwa kuwa huua vijidudu vya chakula na maji. Maabarani, kapsaisini na mafuta ya viungo kadhaa huzuia baadhi ya bakteria, lakini kwa viwango ambavyo hakuna ulimi unaoweza kuvivumilia. Kipindupindu kilipozuka Kasese mwaka 2015, chanzo kilikuwa maji machafu, na dawa ya maji machafu ni kuyachemsha au kuyatia klorini.

Kitunguu saumu kina haki ya sifa kiasi. Kikipondwa, kimeng'enya cha aliinasi hukutana na aliini na kutengeneza alisini, yenye harufu kali. Kikitupwa chunguni kizima, moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kipondwe na kuachwa dakika chache kwanza. Majaribio yanaonyesha kwamba hushusha shinikizo la damu kwa kiasi kidogo. Hakiponyi malaria, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna ushahidi kwamba huzuia virusi vya korona. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU, ambao ni wengi kwenye mialo ya Uganda, vidonge vya kitunguu saumu vina tahadhari: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulikuta vimeshusha kiwango cha dawa ya sakwinaviri mwilini kwa takriban nusu. Dawa hiyo imepitwa na wakati, lakini somo limebaki: kinachokolezwa kwenye mchuzi na kinachomezwa kama vidonge si kitu kimoja, na daktari anapaswa kuambiwa. Tangawizi, kwa upande wake, imethibitika kupunguza kichefuchefu cha ujauzito, kwa takriban gramu moja ya unga kwa siku.

Manjano ndiyo yenye pengo kubwa kuliko yote kati ya sifa na ushahidi. Kukumini iliyomo hunyonywa vibaya na mwili na huvunjika upesi. Mwaka 2017 wanakemia walipitia majaribio yake zaidi ya 120 kwa binadamu, wasikute hata moja lenye udhibiti kamili lililofaulu. Unga wa manjano una tatizo lingine: nchini Bangladesh, baadhi ya wasindikaji waliutia kromati ya risasi ili ung'ae, na risasi hudumaza ubongo wa mtoto. Viungo mchanganyiko vya pakiti, ambavyo duka la kijijini huviuza kwa wingi, mara nyingi ni chumvi na wanga vilivyopakwa rangi, na mpishi anayeongeza chumvi juu yake huvuka kirahisi kiwango cha gramu 5 kwa siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mzizi mzima wa manjano au tangawizi haufichi kitu: hukatwa, hutazamwa rangi ya ndani, hunuswa, kisha hupondwa kwenye kinu.