Risasi ya Mtutuni na Risasi ya Jikoni

Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja. Risasi ni kile kipande kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Na risasi vilevile ni madini yenyewe, mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo Waarabu waliyaita hivyo kabla hayajawahi kutiwa bundukini. Maana ya kwanza kila askari anaifahamu. Ya pili imeachiwa wauza vyuma chakavu, na huko ndiko hasara inakotoka kuingia majumbani.

Zamani mwenye gobore alikuwa pia mfua popoo zake. Madini ya risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za sentigredi, ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Kwa hiyo moto, chombo cha chuma na kalibu vilitosha. Hata Samuel Colt wa Marekani, aliyepata hataza ya bastola yake ya kuzunguka mwaka 1836, aliziuza bastola hizo aghalabu zikiwa sandukuni pamoja na kalibu, kwa kuwa mnunuzi alitazamiwa kujifulia risasi mwenyewe.

Taabu ya gobore ilikuwa shabaha. Ili popoo iweze kushindiliwa kutoka mdomoni, ilibidi iwe ndogo kidogo kuliko kasiba. Baruti ikilipuka, popoo hutoka ikigongagonga kuta, na ukuta iliougusa mwisho ndio huiamulia njia. Mwindaji aliyelenga mnyama kwa hatua 100 alikuwa akibahatisha.

Mafundi walitafuta dawa kwa kuchonga ndani ya mtutu mifuo inayojipinda, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Lakini mifuo haisaidii kitu kama risasi haiishiki. Mwingereza Joseph Whitworth alilitatua jambo hilo kwa namna yake: alitoboa mtutu wenye pande 6, na risasi akaipa umbo hilo hilo. Mwezi Julai 1860, huko Wimbledon, bunduki yake ilifungwa imara juu ya kitako, Malkia Victoria akavuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye kifyatulio, na risasi ikapiga inchi moja na robo kutoka katikati ya shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400.

Haikupita miaka 2, bunduki ya aina hiyo ikafika Uganda. John Hanning Speke alitokea Karagwe kwa Mfalme Rumanika, kusini ya mto Kagera, ng'ambo ya nchi ambayo leo ni wilaya ya Isingiro. Februari 1862 alimkabidhi Kabaka Mutesa bunduki ya Whitworth, bastola ya kuzunguka, bunduki fupi 3, sanduku la risasi na sanduku la fataki. Speke mwenyewe ameandika kwamba Kabaka alimpa mtumishi mdogo mojawapo ya silaha hizo, akamtuma uani akampige mtu, ijulikane kama inaua. Kijana alirudi akiwa na furaha. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi. Yule aliyepigwa hakuna anayemtaja kwa jina.

Bastola ya kuzunguka ina tabu ya ziada. Ina vyumba 6 na mtutu mmoja, na kila chumba, zamu yake inapofika, hakina budi kusimama sawasawa na mtutu huo. Kikipishana hata kwa unene wa unywele, risasi hunyolewa ubavuni. Mdomo wa chumba ukiwa mwembamba kuliko mtutu, risasi hukonda kabla ya kuingia, moshi wa baruti hupenya pembeni, na madini huganda katika mifuo. Hiyo ndiyo kazi ya mafundi wa bastola maalumu kule Marekani: kulinganisha vyumba na mtutu, kisha mwenye bastola akafua risasi ya kipimo hicho, akitia bati na antimoni ili iwe ngumu. Elmer Keith, aliyefariki mwaka 1984, alijipatia jina kubwa kwa ufundi huo. Ni ufundi wa kweli, na mwandishi haoni sababu ya kuubeza.

Nchini Uganda, hata hivyo, sheria ya silaha ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kutengeneza silaha au risasi pasipo kibali cha Serikali. Askari hupewa risasi za kiwanda, zilizovikwa koti la shaba, kwa sababu risasi tupu haivumilii mwendo wa bunduki za leo.

Lakini koti la shaba halikuyaondoa madini yenyewe. Fataki nyingi bado zina risasi ndani yake, na kila mlio huacha vumbi lisiloonekana juu ya mikono, nywele na sare. Askari anayetoka uwanja wa shabaha Mbarara akamkumbatia mtoto kabla ya kunawa, amemletea zawadi mbaya. Mwili wa mtoto hufyonza risasi inayoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, nayo huenda kuharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Yule asiyeshika bunduki naye hajanusurika. Katika kijiji cha Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kama ilivyo popote pasipofika nyaya za umeme, betri ya asidi ni mali ya nyumba. Ikifa, ndani yake kuna kilo nyingi za risasi, na fundi mwenye moto na sufuria anajua bei yake.

Matokeo yake yameonekana kwingineko. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali watu walipokuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu katika damu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mwanawe mchanga akadhurika, aliongoza madai. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Basi akina mama na akina baba, betri mbovu iuzwe nzima, pamoja na asidi yake. Isipasuliwe uani, wala asidi isimwagwe penye mchicha. Sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi hairudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa jivu mara 10. Sare ya uwanja wa shabaha ifuliwe peke yake, viatu vibaki nje, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa kavu, maana ufagio huinua vumbi likatua chakulani. Na mtoto akiokota shambani risasi kuukuu iliyobaki ya vita vya 1979 au vya baadaye, asiishike. Polisi waitwe waje kuichukua.