Omu Inapogeuka Wati: Fonti katika Nyaraka za Kompyuta

Mwanafunzi aandikapo ripoti ya jaribio kwamba waya una ukinzani wa 10 Ω, aweza kustaajabu kuona waraka wake, ufunguliwapo katika kompyuta ya mwalimu, ukisomeka 10 W. Omu imegeuka wati. Hakuna herufi iliyopotea njiani.

Kiini cha jambo hili ni kwamba kompyuta haihifadhi sura ya herufi, huhifadhi namba. A ni 65, na W ni 87. Fonti ni mkusanyo wa michoro unaoonyesha kila namba ichorwe vipi. Sasa, katika fonti ya zamani iitwayo Symbol, mahali pa namba 87 pamewekwa Ω ya Kigiriki, na mahali pa 109, ambayo kwa kawaida ni m, pamewekwa μ. Kompyuta isiyo na Symbol hutwaa fonti yoyote iliyo nayo na kuichora 87 kama iijuavyo. Katika ripoti ya shule hasara ni alama chache za mtihani. Katika maandishi ya tiba, 50 μg ikisomwa 50 mg, kipimo cha dawa kimezidishwa mara 1000.

Masharti ya fonti si ya namna moja. Ile Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, inayotaka herufi za pointi 11 au zaidi katika maombi ya fedha za utafiti, hujali macho ya wasomaji wake. Lakini majarida ya sayansi yanapodai fonti zote zipachikwe ndani ya waraka, hulinda maana yenyewe. Muundo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, huwezesha jambo hilo. Na PDF/A, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2005 kwa nyaraka za kuhifadhiwa miaka mingi, hulilazimisha. Mzigo si mkubwa, kwa kuwa programu yaweza kubeba michoro ya herufi zilizotumika tu. (Zipo fonti ambazo leseni zake hukataza kupachikwa, hizo afadhali ziachwe.)

Tiba ya ndani zaidi ni Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ambamo kila herufi ina namba yake pekee. Humo Ω ni 937, na ĩ na ũ za Kigikuyu, ambazo wachapaji wengi walizikosa, ni 297 na 361. Fonti ikikosa mchoro, msomaji huona kisanduku kitupu, naye hujua mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. W haimwonyi mtu.

Kabla ya kutuma PDF, mwandishi afungue sehemu ya sifa za waraka na kutazama orodha ya fonti. Fonti isiyoonyeshwa kuwa imepachikwa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.