Tajiri Aliyedhaniwa Mzamiaji

Katika nchi ya dhahabu macho hudanganyika upesi. Ukipita jioni penye machimbo ya wachimbaji wadogo huko Geita au Kahama, utawaona watu wakitoka mashimoni wamejaa vumbi la rangi moja. Nani kati yao amekuta mwamba wenye mali, na nani atakopa hata chai ya usiku? Mavazi hayasemi.

Jambo hilo ndilo alilolifanyia mzaha Charlie Chaplin katika The Gold Rush, sinema bubu ya mwaka 1925 ihusuyo wasaka dhahabu wa Alaska. Humo hadithi huendeshwa kwa vitendo na maandishi mafupi tu. Kwa hiyo Msukuma wa Shinyanga na Mwingereza wa London waweza kuicheka pamoja.

Chaplin, aliyezaliwa London mwaka 1889 na kuuonja ufukara utotoni, anacheza kama kabwela mwenye kofia ya duara na bakora. Akiwa amekwama kibandani kwa tufani ya theluji, anachemsha kiatu chake na kukila kwa adabu zote za mezani. Mwenzake, Big Jim, amezidiwa na njaa hata anamwona kuwa kuku mnono, akaanza kumwinda kwa bunduki. Tunacheka, kumbe tunaonyeshwa jinsi dhiki inavyoweza kumfanya mtu asimtambue mwenziwe.

Kosa la pili ni tamu zaidi. Kabwela anampenda Georgia, binti wa ukumbi wa dansi. Anamwandalia chakula cha mkesha wa mwaka mpya, lakini binti hatokei. Baadaye kabwela na Jim wanapata dhahabu na kuwa mamilionea. Wakiwa melini, wapiga picha wanamwomba avae tena matambara yake ya zamani. Anaanguka hadi sitaha ya chini, karibu na Georgia. Binti anadhani ndiye mzamiaji anayetafutwa, naye anajitolea kumlipia nauli.

Lau Georgia angalijua ukweli, tungalijuaje kama alimhurumia mtu au mfuko wake?

Swali hilo lazihusu familia zetu. Kijana aliyekwenda machimboni huenda akarudi na fedha, huenda akarudi mikono mitupu. Wa kwanza hupokewa kwa vigelegele. Wa pili huulizwa mlangoni amekuja na nini. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ndugu msomaji, atakaporudi wako, mtazame uso kabla ya kuutazama mkoba.