Vigae vya Chyulu ni Amana ya Nani?

Wazee wetu wa pwani waliwajua Wakamba kwa misafara yao: waliteremka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo na shanga. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, aliifuata njia hiyo hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa zama zile. Lakini ujirani wetu na bara ni mkongwe kuliko misafara hiyo. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alivichunguza vigae vya vyungu vilivyofukuliwa Kwale, vya karne za mwanzo za Miladia. Vigae vya namna hiyo vikapatikana pia katika vilima vya Chyulu, upande wa Makueni.

Tumejuaje hayo? Kwa sababu yaliandikwa na kuchapishwa. Ardhi huchimbwa mara moja tu. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kinachobaki ni daftari, ramani, picha na vipimo. Daftari likifungiwa kabatini, au vipimo vikibaki katika kompyuta ya mtu mmoja, mahali pale huwa pamebomolewa bila shahidi. Nayo ardhi haisubiri: bwawa la Thwake mpakani mwa Kitui na Makueni, barabara mpya na uchotaji wa mchanga mitoni huibadilisha sura yake.

Tangu mwaka 2020 mradi uitwao MAEASaM, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na washirika wa Afrika, unakusanya kumbukumbu za maeneo ya kale ya nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, kutoka katika ripoti kuukuu, ramani na picha za setilaiti. Programu inayotumika, Arches, haina malipo.

Hata hivyo, kufungua mlango si kukaribisha. Jedwali lililopigwa picha husomeka, lakini hesabu zake haziwezi kujumlishwa na za mwingine. Umri wa mkaa uliopimwa maabara nao huhitaji kukokotolewa upya kila kanuni zinaporekebishwa. Asiyepewa kipimo cha asili hawezi kufanya hivyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kitui atavilinganisha vigae vya Kwale na vya Chyulu iwapo tu atapata vipimo, kina cha mchimbo, maelezo ya maneno yaliyotumika, na leseni inayomruhusu kuvitumia kwa kumtaja aliyevikusanya.

Wapo wanaohofia wezi, na hofu yao ina msingi. Sisi wa pwani tumeona vigango vya Wamijikenda vikiibwa na kuuzwa ng'ambo. Kwa hiyo mahali kamili pa kaburi au pa matambiko pasianikwe. Itoshe kutaja eneo, na wenyeji waulizwe kwanza. Lakini tahadhari hiyo isigeuzwe kisingizio cha kuficha kila kitu. Amana hulindwa ili imfikie mwenyewe, na wenyewe wa vigae hivi ni watoto wa Kitui, Makueni na Kwale.

Nasi majumbani tuna sehemu yetu. Mtoto akiokota kigae shambani, tumfundishe kukiacha palepale, kupiga picha, kuandika tarehe na mahali, kisha kuiarifu Makumbusho ya Taifa. Na babu akisimulia njia za misafara, mmoja wetu ashike kalamu.