Mipangilio ya swichi: daftari dogo linaloweza kufunga soko la hisa

MNAMO Oktoba 1, 2020 wenye hisa waliotaka kuuza au kununua katika Soko la Hisa la Tokyo, Japani, walishindwa kufanya hivyo kutwa nzima. Hapakuwa na vita, mgomo wala anguko la bei. Fedha zilikuwapo, wanunuzi walikuwapo na kampuni zilikuwa kazini kama kawaida. Kilichokosekana ni mpangilio mmoja sahihi ndani ya mtambo wa kuhifadhi kumbukumbu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa soko hilo kusimama siku nzima tangu biashara yake yote ilipohamia kwenye kompyuta mwaka 1999. Masoko ya Nagoya, Fukuoka na Sapporo, yaliyokuwa yakitumia mtambo huohuo, nayo yalisimama.

Kisa kilianza saa 1 na dakika 4 asubuhi, pale kifaa kimoja cha diski kilipoharibika. Hilo peke yake halikuwa jambo la kutisha, kwani kifaa cha pili kilikuwapo tayari kupokea kazi. Lakini hakikupokea. Mpangilio wa kuhamisha kazi ulikuwa umezimwa. Kitabu cha maelekezo kilieleza kwamba hata ukiwa umezimwa, kazi ingehama yenyewe. Kumbe toleo jipya la kifaa halikufanya hivyo, na kitabu kilikuwa hakijasahihishwa. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyegundua, kwa sababu kifaa cha kwanza kilikuwa hakijawahi kuharibika kwa namna ile.

Wakuu wa soko wangeweza kuwasha mtambo upya mchana. Lakini maagizo ya wateja yalikuwa yamekwisha kupokelewa, na kuanza upya kungeyafuta na kuwachanganya madalali. Wakaamua kufunga hadi kesho yake.

Swichi ni kitu gani?

Kilichokosewa Tokyo ni mpangilio wa kifaa cha diski. Jirani yake wa karibu ni swichi ya mtandao wa hifadhi, na hatari yake ni ileile.

Katika benki, kampuni ya simu au soko la hisa, kumbukumbu hazikai ndani ya kila kompyuta. Hukaa katika makabati ya diski yanayotumiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kompyuta huyafikia makabati hayo kwa nyaya maalumu za nyuzi za kioo, na katika njia panda ya nyaya hizo ndipo swichi inapokaa.

Swichi hufanya kazi ya mlinzi wa ghala mwenye daftari. Kila kifaa kina nambari yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 16. Daftari huonyesha nambari ipi inaruhusiwa kuonana na ipi. Mafundi huita mgawanyo huo kanda. Humo pia zimo kasi ya kila tundu, anwani ya swichi, na majina ya wanaoruhusiwa kuifungua. Mambo hayo yote kwa pamoja ndiyo huitwa mipangilio.

Swichi ikiungua, nyingine itatolewa stoo. Lakini hiyo mpya haimjui mtu. Pasipo nakala ya mipangilio, fundi atalazimika kuandika upya mamia ya nambari huku wateja wakisubiri. Akikosea tarakimu moja, kompyuta haitaziona diski zake. Baya zaidi, inaweza kuonyeshwa diski za kompyuta nyingine na kuandika juu ya hesabu za watu.

Makosa matatu ya kawaida

La kwanza ni kubadilisha bila kuhifadhi. Swichi nyingi huwa na mipangilio ya aina mbili: ile inayofanya kazi sasa, na ile itakayosomwa zinapowashwa tena. Fundi akibadilisha ya kwanza akasahau kuihifadhi kwenye ya pili, mambo yatakwenda sawa hata kwa mwaka mzima. Siku umeme utakapokatika, swichi itaamka na daftari la zamani.

La pili ni kuwategemea majirani. Orodha ya kanda inayotumika husambazwa kwa swichi zote zilizoungana, hivyo swichi mpya inaweza kuipokea kutoka kwa wenzake. Hapo wengi hujidanganya kwamba nakala ipo. Lakini mipangilio ya matundu na ya swichi yenyewe haisambai hivyo. Tena njia ileile inayosambaza orodha sahihi husambaza na iliyokosewa: kosa likiamriwa mahali pamoja, huenea kote.

La tatu ni kuweka nakala mahali pabaya. Wapo wanaoiacha ndani ya swichi yenyewe, au kwenye diski zinazofikiwa kwa kupitia swichi hiyohiyo. Huko ni kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Utaratibu unaofaa

Faili la mipangilio ni maandishi matupu, na kwa kawaida ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kulitunza hakuhitaji mtaji, kunahitaji nidhamu.

Nakala huchukuliwa kabla ya kila badiliko, baada yake, na pia kwa ratiba maalumu. Hupelekwa kwenye kompyuta nyingine kwa njia iliyofungwa kwa siri, na moja hutunzwa nje ya jengo. Jina la faili hubeba jina la swichi na tarehe, na nakala za zamani hazifutwi kwa haraka. Ya leo ikilinganishwa na ya jana, badiliko ambalo hakuna aliyeliidhinisha huonekana mara moja.

Toleo la programu ya swichi nalo liandikwe, maana faili la toleo moja laweza kukataliwa na jingine. Leseni na maneno ya siri yatunzwe kando, kwani katika baadhi ya mitambo hayarudishwi na nakala hiyo.

Mwisho ni mazoezi ya kurudisha. Kwa swichi nyingi, kurudisha mipangilio yote hudai zitolewe kazini kwanza. Ndiyo sababu kampuni makini hujenga mitandao miwili iliyotengana: hubadilisha mmoja, hukagua, kisha ndipo hugusa wa pili. Kugusa yote miwili usiku mmoja ni kucheza kamari na mali ya watu.

Mwekezaji mdogo anahusikaje?

Mwenye hisa wa Dar es Salaam au Nairobi siku hizi hategemei cheti cha karatasi sandukuni. Mali yake ni mstari katika kumbukumbu za kompyuta za hifadhi kuu ya dhamana. Akiba yake ya benki na pesa za kwenye simu ni vivyo hivyo.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, wenye hisa huuliza juu ya gawio na mishahara ya wakurugenzi. Wana haki ya kuongeza maswali mengine: Mara ya mwisho mtambo wa akiba ulijaribiwa lini? Uliwashwa kweli, au kitabu kilisomwa tu? Nakala za mipangilio ziko wapi, na mhandisi mmoja akiondoka nani mwingine anajua kuzirudisha? Mkurugenzi anayejibu kwa tarehe amefanya kazi yake. Anayejibu kwamba "vifaa vyetu ni vya kisasa" hajajibu, kwani vya Tokyo navyo vilikuwa vya kisasa.

Soko la Tokyo lilifunguliwa tena Oktoba 2, 2020. Novemba 30 mwaka huo rais wake, Koichiro Miyahara, alijiuzulu. Tangu Novemba 5, 2024 soko hilo hufungwa saa 9:30 alasiri badala ya saa 9:00, na moja ya sababu zilizotolewa ni kuwapa wateja muda wa kufanya biashara iwapo mtambo utaharibika tena asubuhi.