Akiba ya NSSF na Vyumba vya Wageni: Hesabu Kwanza, Tofali Baadaye



Mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria ya NSSF ya Uganda ilibadilishwa. Tangu hapo mwanachama aliyetimiza umri wa miaka 45, na ambaye ameweka akiba kwa miaka 10 au zaidi, anaruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake isiyozidi 20% kabla ya kustaafu. Mwenzetu mwenye ulemavu anaruhusiwa akifikisha miaka 40, naye anaweza kuchukua hadi 50%. Wafanyakazi waliidai haki hii kwa nguvu, hasa wakati wa Korona watu walipokaa nyumbani bila mshahara huku fedha zao zikiwa zimefungiwa.

Basi haki tumeipata. Sasa katika matawi, kuanzia mashamba ya miwa hadi viwanda vya Jinja, swali moja linaulizwa kila tunapokutana: "Nikichukua fedha hizi, nijenge vyumba vya wageni?" Watu wameona majirani wakipangisha chumba kwa usiku mmoja mmoja, kwa bei ambayo mpangaji wa kawaida hulipa kwa wiki nzima. Tena mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilizipa Uganda, Kenya na Tanzania kazi ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Tangu siku hiyo madalali hawalali.

Makala hii haiji kumkataza mtu kujenga. Inakuja kueleza jinsi biashara hii inavyokwenda, ili kila mmoja akate shauri akiwa macho.

BIASHARA YENYEWE NI NINI?

Kuna njia mbili za kupangisha chumba. Njia ya kwanza tunaijua sote: mpangaji anahamia na kitanda chake, analipa pango kila mwezi, umeme ananunua mwenyewe. Njia ya pili ni ya wageni wa muda mfupi. Mgeni anakuja na mkoba tu, analala usiku mmoja au wiki, anaondoka. Wengine huletwa na watu wa boda boda au madalali, wengine hukipata chumba kwa simu kupitia kampuni kama Airbnb na Booking.com, ambazo hukata sehemu ya malipo.

Tofauti ni hii: mpangaji wa mwezi unampa kuta na paa. Mgeni wa usiku unampa kuta, paa, kitanda, godoro, chandarua, shuka safi, maji, taa, usalama, na mtu wa kumfungulia mlango saa sita za usiku. Kwa hiyo hiyo ya pili si nyumba tu. Ni kazi, na kazi haina likizo.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuelezea tu. Kila mtu aweke bei za mahali pake.

Ndugu mmoja ana akiba ya shilingi 40,000,000. Sehemu ya 20% ni shilingi 8,000,000. Anataka kujenga chumba kimoja chenye bafu na choo ndani, kwenye kiwanja alicho nacho tayari.

Akipangisha kwa mwezi anapata shilingi 150,000. Akiweka kando 15,000 za matengenezo, anabaki na 135,000.

Akipangisha kwa wageni anatoza 40,000 kwa usiku. Dalali anamwambia: "Usiku 30 mara 40,000 ni 1,200,000 kwa mwezi!" Hapo ndipo wengi hunaswa. Hakuna chumba kinacholalwa kila usiku, hata katika hoteli kubwa. Tuseme kinalalwa usiku 9 kwa mwezi. Mapato ni 360,000. Sasa tutoe gharama:

Malipo ya mtunza chumba, 100,000.
Kufua, sabuni na usafi, 5,000 kila usiku, jumla 45,000.
Umeme na maji, 40,000.
Dalali au kampuni ya simu, tuseme shilingi 15 katika kila 100, jumla 54,000.
Kuweka kando kwa godoro, shuka, kitasa na rangi, 30,000.

Jumla ya gharama ni 269,000. Kinachobaki ni 91,000. Mwenzake mwenye mpangaji wa mwezi amebaki na 135,000, naye usiku alilala.

Ili wageni wamshinde mpangaji wa mwezi katika mfano huu, chumba lazima kilalwe usiku 11 au zaidi, mwezi kwa mwezi, mvua au jua. Kwa hiyo usimuulize dalali bei ya usiku mmoja. Muulize mwenye vyumba: "Mwezi uliopita vililalwa siku ngapi? Na mwezi wa mvua je?" Kama hana daftari, hana jibu.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Fedha ikiwa NSSF haijalala. Kwa mwaka wa fedha 2022/23 NSSF iliwapa wanachama faida ya 10%, na kwa mwaka 2023/24 ikawapa 11.5%. Shilingi 8,000,000 kwa faida ya 10% ni 800,000 kwa mwaka, na mwaka unaofuata faida hiyo nayo inazaa. Wala hufui shuka. Yule wa usiku 9 anapata 91,000 mara 12, yaani 1,092,000 kwa mwaka, kabla ya kodi ya serikali na kabla ya kurudisha fedha za kitanda na vyombo. Ni kweli kwamba jengo linabaki kuwa mali yake. Lakini ile 292,000 ya ziada ameifanyia kazi mwaka mzima.

MGENI HAKAI

Mpangaji wa mwezi yuko hapa kwa sababu kiwanda kiko hapa. Mgeni yuko hapa kwa sababu ya mambo ambayo wewe huyatawali.

Mwezi Machi 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya Korona, ukafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba 2020. Kwa zaidi ya miezi sita vyumba vilivyotegemea wageni wa nje vilikaa vitupu, lakini mwenye deni aliendelea kudaiwa. Mfano mwingine uko mtoni Nile. Wageni wengi walikuwa wakija kuona maporomoko ya Bujagali. Bwawa la umeme likajengwa, likafunguliwa rasmi mwaka 2012, na maporomoko yale yakafunikwa na maji. Taifa lilihitaji umeme, lakini waliojenga kwa kutegemea maporomoko walilazimika kutafuta njia nyingine.

Na mpira? Fainali huchezwa kwa wiki chache tu. Nyumba itasimama miaka 30. Anayejenga kwa ajili ya sherehe ya mwezi mmoja afikirie mwezi wa pili.

SHERIA INAVYOSEMA

Kwanza, ardhi. Uganda kuna namna nne za kumiliki ardhi: mailo, milki kamili, kukodi kwa miaka, na ya kimila. Ndugu zetu wengi katika Buganda hununua kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Muuza kibanja anatakiwa apate kibali cha mwenye ardhi. Ukimpa fedha bila kibali hicho umenunua kesi. Tena Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema ardhi ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Muuzaji akikuambia mke wake amesafiri, subiri mke arudi.

Pili, kodi ya serikali. Tangu Julai 2022, mtu binafsi anayepangisha nyumba hutozwa 12% ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Yule wa mpangaji mmoja katika mfano wetu anapata 1,800,000 kwa mwaka, kwa hiyo hajafika. Mapato ya wageni wa usiku huweza kuhesabiwa kama biashara, si pango. Nenda ofisi ya URA uulize kabla ya kuanza, usingoje waje wao. Vilevile nyumba ya kulaza wageni inahitaji leseni, na serikali za mitaa zina kodi yao ya hoteli. Uliza manispaa au wilaya yako.

Tatu, wapangaji. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inakataza kupandisha pango zaidi ya 10% kwa mwaka, na mpangaji hatolewi kwa nguvu bila amri ya mahakama. Tunayasema haya kwa sababu wako wenye nyumba wanaowatupa nje wafanyakazi ili wageuze vyumba kuwa vya wageni. Mwanachama anayetendewa hivyo aje tawini. Na mwanachama mwenye nyumba asimtendee mwenzake lile ambalo sisi tunalikataa kwa mwajiri.

UKIWA MWAJIRI

Hapa pana jambo zito. Yule mtunza chumba wa shilingi 100,000 ni nani? Ni mfanyakazi. Kwa sheria ya 2022 kila mwajiri lazima achangie NSSF, hata kama ameajiri mtu mmoja tu: mwajiri anatoa 10% na mfanyakazi 5%. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, na kwa miongo iliyofuata hakikupandishwa. Chama kimepiga kelele juu ya hilo mwaka hadi mwaka. Basi kama vyumba vyako vinaleta faida kwa sababu tu msichana anayefua anakula na kulala bila mshahara, usiite faida. Hiyo ni jasho la mtu. Hesabu isiyoweza kumlipa mfanyakazi ni hesabu mbovu, iwe ya kampuni au ya kwako.

TUNASHAURI NINI?

Ndugu wa mashambani, nyumba ya kambi si yako. Siku ya kuacha kazi unarudisha ufunguo, na watoto na vyombo vyote wanakutazama wewe. Kwa hiyo shika mpangilio huu.

1. Kwanza paa lako mwenyewe. Kama huna mahali pa kukaa utakapostaafu, 20% ianzie hapo.

2. Pili, chumba cha mpangaji wa mwezi, karibu na kiwanda, soko au shule.

3. Wageni wa usiku wawe wa mwisho, na uanze na chumba kimoja. Kijaribu kwa mwaka mzima. Kila usiku uandikwe daftarini.

4. Usikope ili ujengee wageni. Deni halijui msimu.

5. Kama mnataka kujenga kwa pamoja, andikisheni ushirika kwanza, na hati ya ardhi iwe kwa jina la ushirika, si kwa jina la mwenyekiti.

6. Usisaini karatasi ya ardhi peke yako. Ilete tawini isomwe kwa lugha unayoielewa, mwenzi wako akiwapo.

7. Kama hesabu haikubali, iache fedha NSSF. Kutochukua nako ni haki yako.

Akiba hii ilikatwa shilingi kwa shilingi kutoka katika mishahara midogo. Kuna aliyeikusanya akikata miwa, kuna aliyeikusanya akisimama mbele ya mashine zamu ya usiku. Miaka 20 ya jasho inaweza kupotea kwa saini moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikishamwagika hakizoleki.

Njooni matawini na kalamu na daftari. Tutapiga hesabu pamoja.

Umoja ni nguvu.