Neno "Mshipa" na Hitilafu za Ateri za Moyo za Kuzaliwa Nazo

Neno mshipa limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Damu hupita katika mshipa, hisia hupita katika mshipa, na hata ngiri huitwa mshipa na watu wengi. Katika mazungumzo ya kila siku upana huo haudhuru, kwa kuwa msemaji huonyesha kwa mkono mahali paumapo. Lakini yako mambo ya utabibu ambayo neno hilo peke yake haliwezi kuyaeleza; mojawapo ni hitilafu za kuzaliwa nazo za ateri za moyo, zigunduliwapo kwa mtu mzima.

Moyo hulishwa na ateri mbili zichipukazo katika shina la aota, juu kidogo ya vali yake. Ya kushoto hugawanyika matawi mawili: moja hushuka mbele ya moyo, jingine huzunguka nyuma. Kwa kuwa huuzingira moyo kama taji, zilipewa kwa Kilatini jina litokanalo na taji, na Waarabu nao huziita hivyo. Kiswahili kilikwisha kulipokea neno taji kutoka Kiarabu. Kwa hiyo ateri za taji ni jina lifaalo.

Hitilafu zake huweza kuwa za chimbuko, za njia, au za mwisho. Mathalani, ateri ya kushoto huweza kuchipuka upande wa kulia, kisha ikapita kati ya aota na ateri ya mapafu. Mtu akikimbia au kufanya kazi nzito, moyo huhitaji damu nyingi, na ateri hiyo iliyobanwa huweza kushindwa kuileta. Ndipo kifo cha ghafula hutokea. Au ateri ya kushoto huchipuka katika ateri ya mapafu. Watoto wengi wa namna hiyo wasipotibiwa hufa kabla ya kutimiza mwaka. Wachache hufika utu uzima kwa kuwa ateri ya kulia imefungua njia za pembeni.

Mfano huu wa pili wavunja maelezo yaliyozoeleka, kwamba ateri ni mshipa wa damu safi na vena ni mshipa wa damu chafu. Ateri ya mapafu huchukua damu iliyopungukiwa na oksijeni, nayo ni ateri vilevile. Maelezo yaliyo sawa ni haya: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha.

Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1990, watu wazima 126,595 walipigwa picha za ateri za moyo, na hitilafu zikaonekana kwa watu 1.3 katika kila 100. Nyingi hazikuwa na madhara. Lakini Pete Maravich, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Marekani, alicheza kwa malipo tangu 1970 hata 1980, akafa ghafula mchezoni tarehe 5 Januari 1988, mwenye umri wa miaka 40. Maiti yake ilipochunguzwa, ilionekana kuwa alizaliwa bila ateri ya taji ya kushoto.

Yafaa basi kuchagua maneno kwa uangalifu. Anayeambiwa ana "ugonjwa wa mishipa ya moyo" hudhani kuwa mishipa imeziba kwa mafuta, naye huacha vyakula vya mafuta akaendelea na mbio, kumbe hatari yake i katika mbio zenyewe. Na hitilafu ikiitwa "ya kurithi" badala ya "ya kuzaliwa nayo", mzazi hujilaumu bure, kwa maana si kila azaliwacho nacho mtu amekirithi. Daktari akisema, "Ateri yako ya taji imechipuka mahali pasipo pake tangu kuzaliwa," mgonjwa ataelewa kwa nini anakatazwa kukimbia, na kwa nini huenda akahitaji kupasuliwa.